Kupanda vichaka vya matunda vya mizizi wazi nyumbani, Malindi na Lamu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Masika ikikaribia simu huanza, huyu wa Barani, huyu wa Muyeye, jamaa zangu wa Lamu nao, na maswali ni yale yale kila mwaka. Nimeyaandika yote hapa na majibu nnayoyajua kwa kupanda mwenyewe kwenye ua wangu Malindi, wenye mchanga juu, matumbawe chini na maji ya kisima yenye chumvi.

Mche wa mizizi wazi ndio upi? Na una tofauti gani na ule wa karatasi nyeusi?

Wa karatasi unaujua, unatoka kitaluni na udongo wake. Wa mizizi wazi umechimbuliwa ardhini, udongo wote umekung'utwa, unauziwa mizizi mitupu imefungiwa kwenye gunia bichi. Uzuri wake wa kwanza ni wepesi, miche hamsini inaingia kwenye gunia moja na bodaboda anabeba vizuri tu, ya karatasi hamsini utataka pikapu. Uzuri wa pili, na huu ndio naupenda mimi zaidi, unaiona mizizi kwa macho yako kabla hujatoa pesa. Mche wa karatasi waeza ukawa umekaa mle miaka miwili, mizizi imejizungusha kama kamba ya ndoo na wewe huoni kitu. Huu unaugeuza unaukagua, ukiona mizizi ina vinundu vinundu kama shanga ujue ni nematodi, wale minyoo wadogo wa mizizi, mchanga wetu wanaupenda sana na mtini ndio chakula chao, basi huo usichukue hata ukipewa bure manake ukishawaingiza uani kuwatoa ni kazi kubwa.

Ubaya wake ni mmoja tu lakini mkubwa: hauna akiba. Mizizi ile myembamba kama nywele ndiyo inayonywa maji, na jua la hapa linaikausha kwa dakika chache.

Nimeona kwenye intaneti Uingereza na Marekani wanapanda rasiberi, karanti na bluberi namna hii. Naeza kuagiza?

Pesa yako itapotea. Huko wanapanda wakati wa baridi kali, mti umepukutisha majani, umelala, hauhisi kung'olewa, na ukiamka ushafika kwake. Vichaka kama karanti vinataka saa nyingi sana za baridi chini ya nyuzi 7, mamia ya saa mpaka elfu na zaidi kila mwaka, bila hivo havitoi maua. Hapa kwetu hata usiku wa Julai ni nyuzi 22 hivi. Bluberi nayo inataka udongo mchachu, pH (kipimo cha uchachu) 4.5 mpaka 5.5, na udongo uliokaa juu ya matumbawe uko zaidi ya 7, pengine 8. Rasiberi na bluberi Kenya zipo lakini zinalimwa huko bara juu kwenye baridi.

Alafu kuna sheria. Mche kutoka nje ya nchi lazima uwe na kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, kabla haujasafirishwa, na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unakotoka. Usimwambie mtu akutilie kwenye begi, ugonjwa mmoja wa michungwa ukiingia pwani hii utamaliza bustani za watu ambao hata huwajui.

Tunachochukua kutoka kwao ni ule utaratibu wa kazi tu. Kwetu kinachofanya kazi ya ile baridi ni masika.

Sasa nipande nini?

Mkomamanga ndio wa kwanza. Unavumilia joto, unavumilia chumvi kiasi, unavumilia chokaa ya matumbawe, na unakaa kichaka cha kimo cha mtu ambacho unachuma bila ngazi. Mforosadi wa pili, huu kwa kweli ni mti wa mtu mwenye watoto nyumbani, unashika haraka kuliko yote na forosadi zenyewe huwezi kuzinunua sokoni zikiwa nzuri manake zikiiva hazibebeki, dukani zingefika maji, ni za kula umesimama pale pale chini ya mti na vidole vimekuwa zambarau. Wa tatu mtini, ila kwa sharti ile ya minyoo niliyosema. Mpera pia unaweza kung'oa machipukizi yake, lakini huo unagoma kidogo, kati ya matano nategemea mawili.

Ukitaka kichaka kiwe uzio pia, panda mchongoma, miba yake mbuzi hapiti na chongoma watoto wanakula. Nanasi na mgomba nazo hupandwa bila udongo siku zote na hakuna anayeshangaa, kwa hivo usione hii mizizi wazi ni teknolojia ngeni, nyanya zetu wamefanya hivi tangu zamani. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 alikuta migomba na milimau na tunda moja tamu alilolifananisha na zeituni, ambalo ukisikia maelezo yake unajua kabisa ni zambarau.

Ndimu na machungwa sikushauri kwa mizizi wazi, nunua ya karatasi.

Nipande mwezi gani?

Aprili mvua ikishika, mpaka Mei. Usipande kwa mvua ya kwanza, ile inadanganya, inanyesha siku mbili watu wanakimbilia majembe alafu jua linarudi wiki nzima. Mimi nachimba kwa mkono, ikiwa unyevu umefika kwenye kiwiko napanda, kama umeishia kwenye kifundo cha mkono nangoja. Vuli ya Oktoba na Novemba inawezekana lakini mbele yako una kaskazi na Januari na Februari kavu kabisa, utamwagia maji mpaka uchoke. Lamu mvua ni chache kuliko Malindi kwa hivo Lamu nasema masika tu.

Saa ni baada ya alasiri. Mche uliopandwa saa kumi na moja jioni una usiku mzima wa kunywa kabla haujaonana na jua.

Nawezaje kuisafirisha bila kufa?

Hapa ndipo watu wanapopoteza miche na wanasema ardhi mbaya, au wamerogwa, kumbe ilikufa njiani. Nilinunua komamanga kumi na mbili kitalu kimoja kule kusini, nzuri kweli, mizizi ya manjano imejaa, yule kijana akanifungia kwa gazeti kavu na mimi sikumwambia kitu nilikuwa na haraka ya basi. Basi lenyewe likaweka mzigo juu. Kufika Malindi saa nane mchana nafungua, ile mizizi myembamba yote imekuwa kama nyuzi za katani, ukiigusa inakatika. Nikapanda yote kumi na mbili na nikamwagia kwa moyo wote, tisa zikafa. Tatu zilizobaki zilikuwa za katikati ya furushi, zimefunikwa na wenzao, na hapo ndipo nilipoelewa.

Tangu siku hiyo nafanya hivi. Naenda na ndoo yangu ina uji wa udongo, udongo wa mfinyanzi na maji na kinyesi cha ng'ombe kidogo, mzito kama uji wa mtama, ukichovya mkono ukiutoa hauoni ngozi. Udongo mzuri kuliko wote nimeupata kwenye tope la mto Sabaki, ule ule unaofanya bahari yetu iwe ya kahawia wakati wa mvua, lakini chukua juu upande wa daraja, usichukue mdomoni kwenye chumvi. Mche ukitoka tu ardhini mizizi inaingia kwenye ndoo, hata kabla hujaulizana bei. Alafu gunia lililoloweshwa, juu yake majani ya mgomba, unafunga. Gunia likae miguuni kwako ndani ya gari, si juu, na si kwenye buti iliyo juu ya injini. Hivo inakaa siku nzima bila shida, hata mbili.

Plastiki isiyopumua usifungie, inapika mizizi.

Nimefika nayo nyumbani na mashimo sijachimba. Nifanyeje?

Usiiache ndani ya ndoo ya maji mpaka kesho kutwa, mizizi inazama kama mtu, inakosa hewa. Kuiloweka saa moja au mbili kabla ya kupanda ni vizuri, usiku mmoja iwe mwisho kabisa. Kama utachelewa zaidi chimba mfereji mdogo kivulini, chini ya mwembe kwa mfano, ilaze miche imeinama, fukia mizizi kwa udongo mbichi, mwagia, na itakungoja wiki moja mpaka mbili. Lakini jamani, shimo lichimbwe kabla ya mche kununuliwa.

Shimo liwe kubwa kiasi gani? Kwangu futi moja tu nakutana na jiwe.

Futi mbili kwa futi mbili, na kina futi mbili, kwa komamanga na forosadi na tini. Ndio, kwa mchanga pia, watu wa mchangani wanadhani kwa sababu kuchimba ni rahisi basi shimo dogo linatosha, kumbe mchanga wenyewe hauna chakula na hilo shimo ndilo sahani ya mti.

Ukikutana na matumbawe chukua mtaimbo, vunja. Najua ni kazi, kijana mwenye nguvu anaweza kumaliza nusu siku kwa mashimo mawili, lakini usikubali akuambie yatosha na jiwe bado liko chini kama sinia, manake maji yatasimama hapo masika na mizizi itaoza, na kiangazi itagonga jiwe ikaungua. Angalau upate ufa. Mimina debe la maji uangalie, kama asubuhi bado yamesimama endelea kupiga.

Udongo wa juu weka upande mmoja, wa chini upande mwingine. Wa juu changanya na debe moja au mawili ya samadi iliyokaa mpaka haina harufu. Samadi mbichi inaunguza mizizi na inaita mchwa.

Nitie jivu kama bibi alivyokuwa akifanya?

Usitie. Nalisema hili kwa heshima manake hata mamangu alikuwa akitia. Jivu linafaa udongo mchachu na wetu si mchachu hata kidogo, una chokaa tayari, ukiongeza jivu unayafunga yale madini ya chuma na mti haupati. Dalili yake utaiona, majani machanga yanakuwa manjano na mishipa inabaki kijani, kama ramani. Wengi wakiona hivo wanaongeza maji na samadi mbichi, na shida si hiyo. Tia mboji kwa wingi, majani yaliyooza, na usipande karibu na ukuta wa zamani ambapo chokaa na plasta imeanguka miaka na miaka.

Kupanda kwenyewe hatua kwa hatua?

Kata kwa kisu kikali mizizi iliyovunjika tu, mizima usiiguse. Ndani ya shimo fanya kichuguu kidogo cha udongo ulochanganya, kalisha mche juu yake kama mtu amekaa kwenye kigoda, mizizi inashuka pande zote. Kuna alama kwenye shina, chini rangi nyeusi kidogo juu nyepesi, hapo ndipo udongo ulipoishia kitaluni, na hapo hapo uishie kwako. Ukiuzamisha shina linaoza, ukiuacha juu mizizi inaonekana. Kama mche umeunganishwa na shina la mti mwingine, lile kovu la kiungo libaki juu ya ardhi angalau kiganja kimoja.

Rudisha udongo kidogo kidogo, ukifika nusu mwaga maji nusu ndoo yashuke yajaze matundu, alafu malizia, kanyaga kwa kisigino taratibu. Vuta jani moja kwa vidole viwili, jani likikatika na mche haujatikisika umekaza sawa, mche ukija na jani rudia. Tengeneza kisahani kuzunguka shina, mwaga lita ishirini hata kama mvua inanyesha. Weka makumbi ya nazi au majani makavu juu ya udongo unene wa kiganja, yasiguse shina.

Kati ya komamanga na komamanga acha mita 3 mpaka 4, mtini 4 mpaka 5.

Kwa nini unatuambia tukate matawi? Mche umekuja mzuri na majani mengi.

Kwa sababu mizizi nusu imebaki kitaluni na majani yote mche umekuja nayo. Yale majani yanatoa maji kila dakika na chini hakuna wa kuyaleta. Kata theluthi moja ya urefu, na majani makubwa kata nusu au toa kabisa, forosadi mimi naiacha fimbo tupu. Watu wanaona uchungu, nshaona dada mmoja amegeuza uso nilipokuwa nakata wa kwake, lakini ndani ya wiki tatu ile fimbo ilikuwa na vichipukizi vitano vimenona. Jirani yake alieacha majani yote alibaki na mti umenyauka mpaka Juni.

Na kivuli usisahau. Kuti moja limechomekwa upande wa magharibi, mwezi mmoja tu.

Maji ya kisima changu yana chumvi. Yatafaa?

Onja. Kama yanakunywika japo si matamu, komamanga na tini zitakubali. Kama unatema, usitumie kwa mche mpya hata siku moja, mti mkubwa huenda ukavumilia, mche mchanga hauwezi. Chumvi inaonekana kwenye ncha na kingo za majani, zinaungua kahawia kuanzia nje kuja ndani. Kosa lililozoeleka ni kumwaga kidogo kidogo kila jioni, maji yanakauka chumvi inabaki juu pale pale kwenye mizizi. Mwaga mara mbili kwa wiki lakini mengi, lita 15 mpaka 20, yaishushe chini. Na mvua yoyote ikinyesha kinga kutoka paa la mabati, pipa moja la lita 200 linabeba miche mitano wiki nzima.

Ulio karibu na bahari, Mambrui au Shela au Watamu, kuna na chumvi ya upepo. Kusi ya Juni mpaka Agosti inapiga kweli. Weka uzio wa makuti upande wa bahari na mti ufunge kwenye kijiti, kamba iwe laini, kitambaa cha kanga kuukuu ndio bora. Mche ukitikisika mizizi mipya inakatika chini na wewe juu huoni.

Mimi niko Lamu mjini, nina kiwanda tu, ule ua mdogo wa ndani ya nyumba, napata jua kwa muda wa saa nne kwa siku. Naweza?

Waweza, na komamanga wa kiwandani ni mti mzuri sana, ukuta unakukingia upepo wote. Kama sakafu ni ya chokaa usiivunje, tumia pipa la lita 200 lililokatwa nusu, toboa chini matundu kumi ya kidole, weka kokoto, alafu mchanga na samadi ya punda iliyooza nusu kwa nusu. Samadi ya punda Lamu haikosekani, iache miezi mitatu au minne ioze kwanza manake ina mbegu za nyasi tele. Saa nne za jua ni chache kidogo, matunda yatakuwa machache, na pipa lisogeze lile pembe linalopata jua la mchana. Wenye jabia au birika la mvua tumieni maji hayo kwa mche.

Mchwa wananimalizia miche yote. Dawa?

Mchwa wanafuata kikavu. Mche uliokosa maji ndio wanaouanza, uliokaza na kunywa hawaushughulikii sana, kwa hivo nusu ya dawa ni yale yote niliyosema juu. Toa vijiti na mizizi iliyokufa shimoni, matandazo yasiguse shina, na majani ya mwarobaini yaliyopondwa changanya kwenye udongo wa juu. Mwarobaini unapunguza, haumalizi, rudia kila baada ya wiki mbili.

Dawa ya mbuzi ni uzio, basi.

Wiki tano sasa na mche haujachipua. Umekufa?

Usiung'oe kuangalia mizizi! Kwangua ganda la shina kwa ukucha, sehemu ndogo kama punje ya mchele. Ukiona kijani kibichi uko hai, ngoja. Ukiona kahawia kavu shuka chini kidogo ukwangue tena, mara nyingi juu pamekufa na chini pazima, basi kata mpaka penye kijani na utachipua kutoka hapo. Mtini nimewahi kuungoja wiki tisa. Ukifika ardhini na bado ni kahawia, huo umeenda.

Nitakula lini?

Forosadi mwaka wa kwanza huo huo utaonja. Tini mwaka mmoja mpaka miwili. Komamanga miwili mpaka mitatu, na yale maua ya mwaka wa kwanza yatoe, mti ujijenge. Komamanga likipasuka juu ya mti kabla ya kuiva ni maji yasiyo na mpango, umeukausha alafu ukaumwagia kwa mkupuo, au mvua imekuja ghafla baada ya kiangazi.

Naweza kutoa miche yangu mwenyewe, nisinunue?

Ndio, na ni bora manake hapo mizizi haisafiri kabisa. Februari kata vijiti vya komamanga, forosadi au tini vyenye unene wa penseli, urefu sentimita 20 mpaka 25, kutoka kwa mti unaoujua utamu wake. Chini kata bapa, juu kata mshazari usije ukavichomeka kichwa chini. Chomeka kwenye mchanga uliooshwa chumvi kwa maji matamu, kivulini, theluthi mbili iwe chini, na mchanga usikauke hata siku moja. Baada ya wiki sita mpaka nane vuta kimoja taratibu, kikigoma kina mizizi. Aprili mashimo yakiwa tayari na mvua imeshika vichimbue kwa uma wa shamba, usivute kwa mkono, chovya kwenye ule uji wa udongo na upande jioni hiyo hiyo.